Mvua ya Jana Huandikwa Leo

Saa tatu kamili asubuhi Mwalimu alitoka nyumbani kwake, daftari kwapani, kalamu mfukoni mwa shati, akavuka uwanja wa shule. Nilimfuata nyuma. Alikuwa amestaafu kazi ya chaki miaka mingi, lakini kazi ya mvua hakuna aliyeipokea, kwa hiyo aliendelea nayo. Nyuma ya darasa la nne, ndani ya uzio mdogo wa seng'enge, kulikuwa na kipimamvua: mtungi wa shaba uliofukiwa nusu ardhini, mdomo wake wa duara una upana wa inchi 5. Akainua faneli, akatoa chupa, akamimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari, kisha akainama mpaka jicho lake likawa usawa mmoja na maji.

"Kumi na saba nukta nne," akasema, akaandika. "Hii ni mvua ya jana, mwanangu. Imenyesha jana jioni mpaka usiku. Tunaiandika leo, lakini ni ya jana."

Niliitikia kwa kichwa. Ilikuwa Aprili 2014, masika imekolea mkoani Tanga, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kompyuta mpakato niliyoiacha garini. Nilijiona nimekuja kuchukua namba. Maneno ya Mwalimu niliyapita kama mtu mwenye haraka anavyopita barazani bila kuketi.

Kazi niliyopewa ilielezeka kwa sentensi moja. Mradi mmoja wa maji ulikuwa umekusanya kumbukumbu za mvua za shule, misheni, mashamba ya mkonge na vituo vya kilimo, kuanzia Pangani na Muheza hadi Korogwe, Lushoto na Handeni. Miaka nenda miaka rudi, makarani mbalimbali walizichapa kutoka kwenye madaftari ya mkono na kuziingiza Excel, kila kituo na kila mwaka faili lake. Nilikabidhiwa fleshi tatu zenye mafaili 650. Yaingie yote kwenye jedwali moja la kanzidata: basi.

Sababu ya kazi ilikuwa njema. Mkulima wa mahindi wa Korogwe anataka kujua kama masika ya siku hizi inachelewa kuanza. Mhandisi anayechora kalvati anataka kujua mvua kubwa kuliko zote iliyowahi kunyesha kwa siku moja. Majibu yao yamo ndani ya mafaili yale, lakini kuyafungua moja baada ya jingine ni kazi ya wiki nzima, na swali la pili linakurudisha ulikoanzia. Yakiwa jedwali moja, swali hilohilo hujibiwa kabla hujashusha pumzi. Hilo ndilo wazo alilolitoa E. F. Codd wa IBM mwaka 1970: data ikae kwenye majedwali, na mwenye swali aseme anachokitaka bila kulazimika kujua kimehifadhiwa wapi na kwa mpangilio gani. Nililipenda wazo hilo na bado nalipenda. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba faili likishaingia kwenye jedwali, linaachana na mtu aliyelijua. Karani anayekumbuka kwamba ukurasa wa Juni ulilowa hayumo ndani ya jedwali. Asipobebwa kwa makusudi, anabaki nyuma.

Nilirudi mjini, nikaandika programu fupi ya Python. Ilipita kwenye folda, ikafungua kila faili, ikasoma mstari mmoja mmoja, ikautunga kuwa sentensi ya kuingiza data, ikaipeleka kwenye kanzidata ya PostgreSQL. Ilikwama mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye visanduku vilivyo tupu. Safu ya mvua ilitaka namba, nayo ikapewa hewa. Nikaiambia programu: ukikuta patupu, au kitu kisicho namba, weka sifuri. Mara ya pili ilikuwa kwenye kituo cha Mng'aro, kule Lushoto, kwa sababu alama ya ng' ndiyo hiyohiyo inayofunga maneno katika lugha ya kanzidata. Ikafika kwenye Mng ikadhani jina limekwisha. Nikaifuta alama ile, programu ikaendelea. Saa sita usiku ikamaliza: mistari 241,906. Niliitazama namba ile kwa furaha kubwa. Sikujiuliza inapaswa kuwa mingapi.

Wiki iliyofuata nilichora grafu za vituo vyenye miaka mingi, nikazipeleka kwa Mwalimu, kwa kuwa kituo chake kilikuwa mojawapo. Nilikwenda kwa heshima, lakini nakiri pia kwamba nilikwenda kumwonyesha kazi iliyokwisha. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanikaribisha barazani, akavaa miwani. Alipitisha kidole kwenye karatasi polepole, mwaka kwa mwaka, kama asomaye barua. Kidole kikasimama.

"Hapa pamekuwaje kimya?"

Nikachungulia. Ilikuwa Novemba 1997, na mstari wa grafu ulikuwa umelala chini kabisa. "Hakukunyesha, Mwalimu. Sifuri mwezi mzima."

Aliniangalia kwa muda. "Vuli ya 1997? Vuli ya El Nino? Mwanangu, mvua ile ilibeba daraja letu. Watoto walikaa wiki mbili hawaji shule."

Akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada lililobanduka. Ukurasa wa Novemba 1997 haukuwa na namba hata moja. Ulikuwa na mstari mmoja wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, na juu yake maneno mawili kwa mwandiko wake: Msomaji mgonjwa. Alikuwa kitandani kwa malaria, na kijana aliyeachiwa ufunguo wa uzio hakwenda. Karani aliyechapa daftari lile aliacha visanduku vitupu, na alifanya sawasawa. Mimi ndiye niliyevijaza sifuri. Mwezi ambao wazee wa pale wanahesabia nao umri wa watoto wao, kwa mvua yake, nilikuwa nimeugeuza ukame kwa amri ya neno moja.

Sikulala vizuri siku ile, wala sioni haya kusema hivyo. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kompyuta haikuwa imelalamika. Kabla sijaongeza amri ile ililalamika, na malalamiko yake ndiyo yalikuwa ukweli. Mimi nikaichukua sauti iliyokuwa ikisema hapa hapana kipimo, nikaizima ili kazi iende.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja ambalo namfundisha kila kijana anayekuja kufanya nami kazi: tupu si sifuri. Sifuri ni ushahidi. Maana yake kuna mtu aliyeamka, akaenda mpaka kwenye mtungi saa tatu asubuhi, akainua faneli, akakuta pakavu, akaandika. Patupu ni kukosekana kwa shahidi. Kanzidata ina njia yake ya kuandika patupu, huiita NULL, na inaiheshimu: ukiiomba wastani, inaviruka visanduku vya NULL bila kuvihesabu, ilhali sifuri inazihesabu zote. Lakini hata hapo kuna mtego. Ukiiomba jumla ya mwezi, nayo inajumlisha vilivyopo tu, na mwezi uliopimwa siku 9 utatoka ukionekana mkavu kumbe ni mfupi. Ndiyo maana siku hizi sitoi jumla ya mvua ya mwezi bila kuweka ubavuni mwake idadi ya siku zilizopimwa.

Nikafuta jedwali lote, nikaanza upya. Safari hii sikuanza na programu. Nilianza kwa kuyafungua mafaili na kuyatazama, yote 650, kwa macho yangu, siku kumi na moja. Wenzangu ofisini waliona napoteza muda. Nilichokiona siku zile kumi na moja ndicho kilichoiokoa kazi.

Nikaona kwanza kwamba mafaili yaliyoitwa ya aina moja hayakuwa ya aina moja. Mengi yalipangwa kama ukurasa wa daftari: siku 31 zikishuka, miezi 12 ikienda ubavuni. Ukihesabu visanduku vya mpangilio huo unapata 372, ilhali mwaka una siku 365 au 366. Vile saba au sita vilivyozidi ni vya siku ambazo hazijawahi kuwapo duniani: 30 Februari, 31 Aprili na wenzao. Kwa kuwa mara ya kwanza niliiweka tarehe kama maandishi matupu, siku hizo zote ziliingia kwenye jedwali langu, kila moja na sifuri yake. Mafaili mengine yalikuwa na mstari mmoja kwa kila siku, na mwisho wa mwezi karani akaongeza mstari wa jumla, akaupa tarehe ya siku ya mwisho. Jumla ile nayo ikaingia kama mvua ya siku moja. Ndipo nikaelewa kwa nini mhandisi wa kalvati, laiti angeliuliza swali lake wiki ile, angejibiwa kwamba Muheza iliwahi kupata milimita 412 kati ya asubuhi moja na nyingine.

Kisha zikaja alama. Mahali pasipo na kipimo, karani mmoja aliandika -99.9, mwingine 999.9, mwingine herufi M, mwingine kistari. Hizo zilikuwa rahisi, kwani Julai yenye milimita 999.9 kwa siku inajitangaza yenyewe. Iliyonisumbua ilikuwa alama ya Kiswahili chetu wenyewe: neno hakuna. Katika vituo vitano kisanduku kiliandikwa hakuna. Hakuna nini? Hakuna mvua, au hakuna kipimo? Kompyuta haiwezi kujua, na mimi pia sikuweza. Nilipiga simu kituo kwa kituo. Vituo vitatu walikusudia kwamba hakukunyesha. Kimoja walikusudia kwamba hakuna aliyepima. Cha tano, msomaji wa zamani alishafariki, na mwanawe aliniambia kwa upole kwamba hajui. Visanduku vya kituo kile nimeviacha vitupu mpaka leo, na neno lenyewe nimelihifadhi kando kama lilivyoandikwa.

Mafaili ya shamba moja la mkonge yalinipa hofu ya namna nyingine. Mwaka mzima jumla yake ilikuwa 43. Milimita 43 kwa mwaka ni jangwa, na mkonge wenyewe usingalistahimili. Nikatazama tena: kila namba ilikuwa na tarakimu mbili baada ya nukta, 0.35, 1.25, 0.08. Zilikuwa inchi, kipimo cha Waingereza, nasi tumeingia kwenye milimita baada ya uhuru. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo 43 zile zilikuwa milimita 1,092, mvua ya mwaka inayoeleweka kabisa kwa upande ule. Faili halikuandika popote kipimo chake. Karani wa shamba hakuona haja, maana zama zake hapakuwa na kipimo kingine.

Tarehe nazo zina hila yake. Sisi huandika siku kwanza, mwezi baadaye: 03/04/1986 ni tarehe tatu Aprili. Baadhi ya kompyuta zilizotumika kuchapa zilikuwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Excel ikaisoma ile kuwa 4 Machi, ikanyamaza. Ilipofika 13/04/1986 haikukuta mwezi wa kumi na tatu, ikaiacha kama maandishi. Kwa hiyo ndani ya faili moja, siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi zilikuwa zimetawanyika mwaka mzima, isipokuwa ile ambayo namba ya siku na ya mwezi zinalingana, na zilizobaki zilikaa mahali pake. Si sisi peke yetu tuliopatwa na hili. Mwaka 2020 wataalamu wa dunia wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitangaza kubadili baadhi ya majina kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza tarehe. Jeni iliyoitwa MARCH1 sasa inaitwa MARCHF1.

Na saa. Wasomaji waliandika saa waliyopima, nayo kwa desturi ni saa tatu asubuhi. Basi wengine waliandika 9:00, na wengine, kwa haki yao kabisa, waliandika 3:00. Kompyuta huisoma 3:00 kuwa saa tisa usiku. Mswahili hapati shida, kwani hakuna mwalimu wa shule anayetoka na daftari saa tisa usiku kupima mvua. Lakini kompyuta haikuzaliwa Muheza. Ujuzi ambao kwetu ni hewa tunayovuta, kwake lazima uandikwe kuwa kanuni.

Majina ya mahali yalinifunza pia. Mng'aro niliyoifuta alama yake mara ya kwanza ilirudi kunidai. Makarani wawili walichapa alama ile kwa vitufe viwili tofauti, mmoja ulionyooka na mmoja uliopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kanzidata ni vituo viwili. Kuna vituo vilivyoandikwa Handeni kwenye mafaili ya zamani na Kilindi kwenye mapya, au Muheza kisha Mkinga, kwa sababu wilaya ziligawanywa ilhali mtungi wa shaba haukuhama hata hatua moja. Nikaacha kuvitambua vituo kwa majina. Kila kituo nikakipa namba yake, na majina yake yote, ya zamani na mapya, nikayaweka kwenye jedwali la pembeni. Jina nikaliacha na ng' yake. Mahali pana haki ya kuandikwa jina lake sawasawa.

Baada ya kuona hayo ndipo nikaandika programu ya pili, na njia ile ndiyo ninayoifuata mpaka leo.

Nilitengeneza jedwali la mapokezi. Humo kila kitu kinaingia kama maandishi, bila kuhukumiwa: 17.4 inaingia, hakuna inaingia, 30 Februari inaingia. Badala ya kutunga sentensi moja moja niliyageuza mafaili ya Excel kuwa maandishi matupu, nikatumia amri ya PostgreSQL iitwayo COPY, ambayo humeza faili zima kwa mkupuo na wala haibabaishwi na ng' ya Mng'aro. Ubavuni mwa kila mstari niliweka mambo matatu: jina la faili ulikotoka, namba ya mstari ndani ya faili hilo, na siku ulipoingizwa. Safu hizo tatu wengi huziona ni mzigo. Mimi naziona ni ukoo wa namba. Namba isiyo na ukoo huwezi kuiuliza ilitoka wapi, na usiyeweza kuiuliza huwezi kuisahihisha.

Kutoka mapokezi, mistari ilivuka kwenda jedwali kuu kwa masharti. Tarehe lazima iwe tarehe ya kweli. Mvua lazima iwe namba isiyo chini ya sifuri, au iwe tupu. Na kituo kimoja kwa siku moja kina mstari mmoja tu. Hilo niliiachia kanzidata ilinde yenyewe kwa ufunguo wa msingi. Sharti hili la mwisho likafichua mafaili 38 ambayo yalikuwa nakala za mengine, yenye majina ya mpya, mpya kabisa, na ya mwisho 2. Nyingi zilifanana neno kwa neno. Chache zilitofautiana kwa tarakimu moja: huku 4.7, kule 47. Hapo hakuna programu inayoweza kuamua. Nilifunga safari kwenda kwenye daftari.

Mstari uliokataliwa sikuutupa. Nilikuwa na jedwali lake, na kila mstari humo una sababu ya kukataliwa. Siku hizi PostgreSQL, tangu toleo la 17 la mwaka 2024, inaweza kuambiwa iruke mistari mibovu na kuendelea na kazi. Ni msaada mkubwa kwa anayejua iliruka mingapi na kwa nini. Kwa asiyejua, ni ile amri yangu ya sifuri imerudi kwa jina jingine.

Na faili zima liliingia kwa muamala mmoja: ama lote, ama hata mstari mmoja usiingie. Umeme ulipokatika katikati ya kazi, nasi tunajua hukatika, hapakubaki faili lililoingia nusu. Faili nililokwisha kuingiza niliandika alama yake kwenye daftari la mafaili, ili nikirudia kazi kesho lisiingie mara ya pili.

Waswahili tumesema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimezoea kuusikia msemo huu madukani. Sasa nauona ni kanuni ya kwanza ya kazi yangu, kwa sababu data hupotea bila habari kuliko mali yoyote. Gunia likipungua linaonekana limepungua. Jedwali lililokosa mistari elfu kumi linafanana kabisa na lililotimia.

Uingereza walijifunza hili kwa uchungu mwaka 2020. Maabara zilikuwa zikituma matokeo ya vipimo vya korona kwa mafaili ya maandishi matupu yaitwayo CSV, na mafaili hayo yakawa yanakusanywa kwenye Excel ya mtindo wa zamani, XLS, isiyobeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ikaachwa nje, kimya. Matokeo 15,841 ya watu waliokutwa na virusi kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba hayakuingia kwenye hesabu kwa wakati, na watu waliokuwa karibu nao wakachelewa kutafutwa. Nchi yenye maabara kubwa na wataalamu wengi ilikwama mahali palepale nilipokwama mimi usiku ule: mafaili yaliingia, na hakuna aliyeuliza yalipaswa kuwa na mistari mingapi.

Kwa hiyo safari ya pili nilianza na hesabu. Baada ya kuondoa nakala yalibaki mafaili 612. Mara siku 365 ni mistari 223,380. Mafaili 151 yalikuwa ya miaka mirefu, yana 29 Februari, kwa hiyo mistari 223,531. Namba hiyo niliiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani kabla sijaingiza hata faili moja. Kazi ilipokwisha, jedwali lilinipa siku 201,874 zilizopimwa, siku 21,209 tupu, na siku 448 zinazosubiri kuamuliwa. Nikajumlisha kwa mkono. Hesabu ikafunga.

Lakini palibaki jambo moja ambalo hesabu haikulionyesha. Nilipolinganisha vituo jirani, niliona mvua kubwa moja ya Aprili ikifika kwenye shule leo, na kwenye shamba la mkonge lililo kilomita tano kutoka pale ikafika jana yake. Nikaangalia nyingine, na nyingine. Shamba daima lilitangulia kwa siku moja. Mawingu hayaendi hivyo. Nilikaa na fumbo lile siku mbili, ndipo nikamsikia Mwalimu akilini mwangu, ameinama juu ya glasi yake. Mvua ya jana huandikwa leo. Shule iliandika tarehe ya kupima. Shamba liliandika tarehe ya mvua yenyewe. Wote walikuwa sahihi, na nilipowaweka kwenye safu moja yenye jina moja la tarehe, niliwafanya wote wawili waseme uongo. Jibu lilikuwa limetolewa asubuhi ya kwanza, kwa sauti, mbele yangu, na mtu aliyelijua tangu ujana wake. Sikuwa nimeketi barazani.

Nikaigawa safu ile kuwa mbili, siku ya kupima na siku ya mvua, na kwa kila kituo nikauliza desturi yake.

Septemba nilirudi kwa Mwalimu na kompyuta. Nilimwonyesha grafu mpya kwanza. Kwenye Novemba 1997 mstari ulikuwa umekatika, pakabaki pengo jeupe, na chini yake, kutoka kwenye safu ya maelezo niliyoiongeza, maneno yake mwenyewe: Msomaji mgonjwa. Alilitazama pengo lile muda mrefu. Akasema, "Ndiyo. Hapo ndipo nilipoumwa."

Kisha akaniuliza kama na ya mwaka huu imo. Ilikuwamo, faili la 613 nililichapa mwenyewe kutoka kwenye daftari lake. Akaniambia nitafute ile tuliyoipima pamoja. Nikaandika swali, jibu likatoka kwenye mstari mmoja: siku ya kupima 23 Aprili 2014, siku ya mvua 22 Aprili 2014, milimita 17.4, mstari wa 113 wa faili lake. Mwalimu akasogeza miwani, akafungua daftari kwenye Aprili, akaweka kidole kwenye karatasi na macho kwenye kioo, akasoma huku, akasoma kule.

"Imo," akasema.

Akafunga daftari, akalitia kwapani, akainuka. Ilikuwa inakaribia saa tatu.